Daktari, Mikono Yako

Baba yangu alipanda mapaa ya watu kwa miaka thelathini na minne bila kuanguka hata mara moja. Amepaua shule, maghala na nyumba za watu wenye pesa, akitembea juu ya mbao kama wengine wanavyotembea sebuleni. Kisha Jumamosi moja alipanda stuli ya jikoni kubadilisha balbu, akaanguka, akavunjika mfupa wa paja. Stuli yenyewe inanifika gotini. Kwa siku mbili za mwanzo kila aliyemuuliza ameangukaje aliambiwa "kazini", na Mama, ambaye hapendi uongo lakini pia hamwaibishi mumewe mbele za watu, aliongezea, "Kazi ya umeme."

Jumapili jioni, akisubiri upasuaji wa kesho yake, Baba alininong'oneza nimletee wembe ajinyoe paja mwenyewe, asije akaonekana mtu asiyejitunza. Hakunong'ona vya kutosha. Msimamizi wa wodi, nesi mmoja mfupi, mtulivu, miwani yake imefungwa kamba shingoni, alikuwa kitanda cha pili.

"Mzee, wembe unaacha mikwaruzo, na mkwaruzo ni mlango wa wadudu," alisema bila kugeuka. "Ikibidi kunyolewa, tutakunyoa sisi kwa mashine."

Jumatatu walimpasua, wakamtia chuma ndani ya mfupa, wakamrudisha wodini, kitanda cha nne kutoka mlangoni. Na hapo ndipo Nesi wa Miwani alipomkabidhi Mama kazi, bila kujua anamkabidhi nani.

Mama ni fundi cherehani. Wateja wanamjua kwa mdomo. Ukichelewa kuchukua nguo anakupa vidonge vyako mbele za watu, na ukinenepa kati ya siku ya kupimwa na siku ya kujaribisha, hakufichi. Lakini mwanamke huyo huyo akiona koti jeupe anakuwa kama mtoto wa darasa la kwanza aliyeitwa na mwalimu mkuu. Anasema "ndiyo, daktari" kabla daktari hajasema kitu.

Nesi alimwonyesha chupa ya kitakasa mikono iliyoning'inia miguuni pa kitanda.

"Mama, mgonjwa wako ana kidonda kibichi, ana sindano ya dripu mkononi, na ana mpira wa mkojo. Hiyo ni milango mitatu iliyo wazi. Kila atakayemgusa asafishe mikono kwanza. Usipomwona akisafisha, muulize."

"Wageni?"

"Yeyote."

"Hata daktari?"

"Hata daktari. Hata mimi. Wagonjwa ni arobaini, tunakimbia huku na huku, na binadamu husahau."

Mama alicheka kwa adabu, kama mpangaji anavyocheka mzaha wa mwenye nyumba. Nesi alipokwenda zake, akanigeukia. "Huyu sista ana utani. Nimuulize daktari kama amenawa? Si ataniambia nichukue kisu nimpasue mwenyewe."

Aliyembadilisha mawazo alikuwa mgonjwa wa kitanda cha dirishani, dereva wa lori aliyeletwa na mkono uliovunjika. Alikuwa wiki ya saba pale. Amebandika kalenda ukutani, ana mto wake na redio yake, kama mtu aliyehamia.

"Mfupa ulishaunga zamani, mama," alimwambia. "Kilichoniweka ni kidonda. Kiliingia wadudu hukuhuku hospitalini. Nilikuja na ugonjwa mmoja, nikaongezewa wa pili bila kuomba."

Alisema akicheka. Mama hakucheka. Aliitazama ile kalenda, tarehe zimekatwa kwa kalamu moja baada ya nyingine, akarudi kukaa karibu na Baba na kuivuta ile chupa ikae mahali pa kuonekana.

Daktari bingwa wa mifupa wagonjwa walimwita Upepo. Aliingia, karatasi zikapeperuka, akatoka, na hapo ndipo mgonjwa alipokumbuka alichotaka kuuliza. Jumanne asubuhi alifika na wanafunzi wawili nyuma yake. Mama alisimama.

"Daktari, samahani. Huko kwenye sinki maji yanatoka?"

"Sijui, mama. Waulize watu wa usafi."

Na alikuwa ameshaigusa bandeji, ameshaisifu kazi yake, ameshafika kitanda cha sita. Baba, aliyekuwa amefumba macho, akafumbua moja.

"Mama watoto, unamuuliza daktari wa mifupa habari za mabomba?"

"Nilikuwa namwelekeza."

"Umemwelekeza kwa fundi bomba."

Jioni ile nyumbani nilifanywa daktari. Mama alinisimamisha karibu na cherehani, akanipa rula yake ndefu niishike kama faili, akaja mbele yangu.

"Daktari, shikamoo."

"Mama, yule ni mdogo kwako. Huwezi kumpa shikamoo."

"Nikianza na heshima, hata akikasirika atakuwa amechelewa."

Tulirudia mara tisa. Mara ya tisa ndiyo aliyoweza kusema neno "mikono" bila kuangalia sakafu.

Jumatano Upepo alianzia dirishani. Aliushika mkono wa dereva, akaugeuza huku na huku, akaandika kwenye faili, kisha kwa hatua tatu akawa kitandani kwa Baba, mkono umeshanyooka kuelekea kwenye bandeji.

"Daktari," Mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mikono yako."

Akaitazama. "Ina nini?"

"Sijui ina nini. Ndiyo maana nauliza."

Dereva alizima redio. Baba, ambaye dakika moja nyuma alikuwa akiulizia chai, alianza kukoroma, saa tatu asubuhi, kwa sauti ya mtu aliyelala siku mbili.

"Umetoka kwa yule wa dirishani," Mama aliendelea. "Sikukuona ukisafisha. Kama umesafisha nikiwa nimegeuka, basi unisamehe, daktari."

Sitasema Upepo alifurahi. Yule ni mtu aliyezoea kuulizwa swali moja tu, mgonjwa anaruhusiwa lini. Mwanafunzi mmoja aliinua macho darini kana kwamba jibu limeandikwa huko. Kisha Upepo akaisogelea chupa, akabonyeza mara mbili, akasugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, mpaka ikakauka. Nadhani hapo ndipo wodi ile ilipomwona kwa mara ya kwanza amesimama mahali pamoja.

"Nilisahau," alisema. Akawageukia wanafunzi. "Na nyie?"

Wakapanga foleni ya watu wawili.

Walipotoka, Baba aliamka. "Umeniaibisha."

"Ulikuwa umelala," Mama alimjibu. "Umeaibika saa ngapi?"

Baba akaomba chai.

Kuanzia hapo Mama hakushikika. Alikuwa kama mbuzi aliyegundua kwamba kamba yake haikufungwa popote. Aliyebeba chakula aliulizwa. Aliyekuja kupima joto aliulizwa, na mimi binti yake wa kumzaa niliulizwa kila nilipotoka dukani ninakouza vifaa vya shule, hata siku niliyokuja na mikono bado imelowa maji. Nesi wa Miwani mwenyewe aliulizwa, akajibu "nimesafisha, mama, lakini narudia", akarudia.

Kila asubuhi Mama alikuwa na swali la pili. "Sista, huu mpira wa mkojo bado ana kazi nao?" Jumanne aliambiwa bado. Jumatano bado. Alhamisi nesi alisimama, akafikiri, akasema, "Kweli, hana kazi nao tena. Ukikaa bure unaleta maradhi." Ukatolewa, na sindano ya dripu ikafuata mchana. Ungedhani Baba angeshukuru. Sasa ilimbidi aende chooni kwa magongo, hatua kwa hatua, akishikwa kiuno na mtu wa mazoezi.

"Wake wa wenzangu wanawaombea waume zao mapumziko," alilalamika akirudi, jasho linamtoka. "Wangu ameniombea safari."

Msumari alikuja siku hiyohiyo. Ni fundi mwenzake Baba, aliyepewa jina hilo kwa sababu ana tabia ya kuongea huku ameibana misumari mdomoni. Aliingia anakohoa, pua imewiva, akakaa moja kwa moja kitandani.

"Shemeji, umenawa?"

"Shemeji, mimi na mumeo tumekula sahani moja miaka ishirini."

"Hiyo sahani haikuwa na mshono. Na hicho kikohozi?"

"Vumbi tu."

"Basi nenda nyumbani likatulie. Likiisha, karibu."

Msumari alimpungia Baba mkono akiwa mlangoni, kama anayemsindikiza mtu wa safari ya mbali. Ijumaa ikawa zamu ya Shangazi, dada mkubwa wa Baba, na mkoba wake. Mkoba wa Shangazi ni mkubwa kama sanduku la harusi, na umeshakaa kwenye kila sakafu ambayo Shangazi mwenyewe amesimama. Aliubwaga kitandani, karibu kabisa na mguu.

"Wifi, mkoba," Mama alisema.

"Una nini? Huu ni wa ngozi halisi."

"Na mguu huu nao ni wa ngozi halisi, tena imeshonwa juzi."

Shangazi hajawahi kuambiwa hivyo na mtu aliyeolewa kwao. Aliuchukua mkoba, akaupakata saa nzima bila kuongea na Mama, na alipoaga alimuaga Baba peke yake.

Basi ikafika Jumamosi. Nilikuwa nimekuja na uji, na Mama alikuwa akinyoosha shuka, akaona bandeji ina alama ya maji, kubwa kama kifuniko cha chupa. Akaisogelea chupa, akasafisha mikono, akainama, akashika pembe ya bandeji ili achungulie kidogo tu.

"Mama."

Nesi wa Miwani alikuwa nyuma yake.

"Usifunue. Bandeji ikilowa au ikilegea, niite mimi."

"Nimesafisha mikono, sista."

"Nimekuona. Na hicho kidole?"

Kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia Mama alikuwa amevaa subana, kile kikofia cha chuma cha kukinga sindano. Mimi nilikiona tangu Alhamisi, nikadhani amejisahau, maana mafundi cherehani hujisahau. Nesi alikivua taratibu. Chini yake kulikuwa na plasta iliyogeuka rangi, na chini ya plasta kidole kilikuwa chekundu, kimevimba pembeni mwa ukucha, na usaha umeanza kuonekana.

"Una mdudu," nesi alisema, kwa jina lile lile ambalo sote tunauita ugonjwa huo wa kidole. "Tangu lini?"

"Kidogo tu. Nilijichoma Jumatano jioni, nikimalizia sare za shule."

"Kinagonga?"

"Kinagonga."

"Mama, usaha huu ndio tunaoukimbiza usifike kwenye mshono wa mzee. Kitakasa mikono hakipenyi plasta."

Hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa afadhali, Mama angepata cha kujibu. Alimshika kiwiko, akampeleka chumba cha matibabu, wakakipasua kidole, wakakisafisha na kukifunga, wakampa dawa na agizo moja: asikaribie kitanda mpaka kikauke. Siku tano, labda sita.

Nilimkuta kwenye benchi la varanda, kidole cheupe kimesimama juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kusema. Nilikaribia kucheka, ndipo nikaona uso wake.

"Siku tatu nimekuwa nikimlisha kwa mkono huu," alisema. "Nikimfuta jasho. Nimemfukuza Msumari kwa ajili ya mafua, wifi yangu nimemwondolea heshima kwa ajili ya mkoba, kumbe mdudu nimekuja naye mimi."

"Hukujua."

"Nilijua kinauma. Nilikificha. Wangenirudisha nyumbani, halafu nani angewauliza?"

"Ungeniambia mimi."

"Wewe ungewaambia."

"Ndiyo."

"Unaona sasa."

Sijamwona Mama akilia isipokuwa msibani, na siku ile pia hakulia, ila alikuwa akiikunjua na kuikunja pindo ya kitenge chake kama anayetafuta kasoro ya mshono. Shangazi alitukuta hapo. Alikitazama kidole, akanitazama mimi, nikamweleza kwa maneno machache.

"Ama kweli," Shangazi akaanza, "nyani haoni..."

"Malizia, wifi."

Shangazi alifikiri. "Nimesahau mwisho wake."

Akakaa, akaushika mkono mzima wa Mama. "Nenda ukapumzike. Asubuhi nitakuwa nakaa mimi. Na mkoba nauacha nyumbani, usinitazame hivyo."

Lakini ile alama kwenye bandeji ilikuwa bado inasubiri. Nilirudi ndani nikamweleza Baba.

"Kinamuuma sana?"

"Kidole hakimuumi kama roho."

Upepo alikuwa chumba cha upasuaji, kwa hiyo akaja daktari kijana, koti lake bado lina mikunjo ya dukani, ana haraka ya mtu anayeogopa kuonekana hana haraka. Akavuta pazia, akanyoosha mkono kwenye bandeji. Nikafungua mdomo. Naungama, halikutoka neno. Kwa yale mambo ya makoti meupe nimerithi kila kitu.

Baba alinitazama. Akatazama mlangoni, pale ambapo Mama hakuwepo. Mtu huyu miaka thelathini na minne amewapigia watu kelele kutoka juu ya mapaa, lakini sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba kama ya bwana harusi anayeomba chumvi ukweni.

"Daktari. Mke wangu leo hayupo, ila swali lake lipo."

"Swali gani, mzee?"

"La mikono."

Kijana akasimama. Kisha akatabasamu. "Kumbe hiki ndicho kitanda cha nne."

Alisafisha mikono, Nesi wa Miwani akaleta trei ya vifaa safi, wakavaa glavu, wakafunua. Mimi nilitazama ukuta. Baba alitazama uso wa nesi, na nadhani alikuwa na hofu kuliko siku aliyopasuliwa.

"Mshono mkavu," nesi alisema. "Umefunga vizuri. Hakuna wekundu, hakuna usaha." Akainusa ile bandeji ya zamani, akainusa tena. "Mzee, hii ni chai."

Baba akatazama dari.

"Ilimwagika asubuhi," alikiri. "Nilikunywa nikiwa nimelala. Sikutaka mke wangu ajue, angenisomea mashtaka."

"Mmoja anaficha kidole, mwingine anaficha chai," nesi alisema akifungua bandeji mpya. "Nyie mmeoana kweli."

Daktari kijana alimwambia Baba, kwa upole, kwamba bandeji iliyolowa haichagui, iwe ni kwa maji, jasho au chai, wadudu hupita, na asingoje kunuswa. Wakampima joto mara kwa mara siku mbili zilizofuata. Halikupanda.

Siku tano hizo Mama hakukosa hospitali. Alikuja mchana, akasimama nje ya dirisha la dereva, hatua chache kutoka kitandani kwa Baba, akampigia Baba simu huku wanatazamana.

"Umewauliza?"

"Nimewauliza."

"Wote?"

"Hata Upepo. Siku hizi akiingia ananionyesha mikono kabla sijasema, kama mtoto anayekwenda mezani."

"Na wewe ulinawa kabla ya kula?"

Baba alihamishia simu sikio la pili. "Mtandao unakatika."

"Nakuona hapa dirishani. Mtandao gani?"

Dereva, ambaye maneno yote yalipita juu ya kichwa chake mara mbili, moja kwa dirisha na moja kwa simu, alisema kama wanataka yeye atawafikishia salamu bure, wasiharibu salio. Siku ya nne Mama alizungumza naye kuliko na Baba. Alitaka kujua kama wanaotoka kwake wanasafisha mikono kabla ya kwenda kwa wengine, na kama wanaokuja kwake wanafanya hivyo pia, maana naye ni mume wa mtu. Dereva alisema sasa anawauliza mwenyewe. Alhamisi aliambiwa kidonda chake kimeanza kujaza nyama.

Ijumaa Baba aliruhusiwa. Nesi wa Miwani alitupa masharti: mshono ukae mkavu, dawa zimezwe mpaka ya mwisho hata kama anajisikia mzima, na akiona homa, wekundu, usaha au harufu asisubiri siku ya kliniki, arudi siku hiyohiyo. Mama alisikiliza akiwa amesimama mbali kidogo, ingawa kidole kilikuwa kimekauka, na kila sharti alilirudia kwa midomo bila sauti.

Upepo alipita kuaga. Alibonyeza chupa, akasugua, akamnyooshea Mama mkono. Mama akaurudisha wake nyuma ya mgongo.

"Nisamehe, daktari. Mimi bado nina dawa za siku mbili."

Upepo aliuacha mkono hewani kidogo, akacheka, kicheko cha mtu asiye na haraka, akainamisha kichwa badala yake. "Nikipata wanafunzi wapya," alisema, "nitaomba uje."

"Ndiyo, daktari," Mama alijibu, kabla hajamaliza.

Tukarudi nyumbani, na hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza. Baba hakuruhusiwa kuukanyagia mguu. Mama naye alidai kidole chake hakijaruhusiwa kulowa. Kwa wiki tatu nilipika, nikafua, nikaosha vyombo na kukimbilia dukani, na wao wakakaa sebuleni bega kwa bega, mguu juu ya mto mmoja, kidole juu ya mto wa pili, wakinielekeza namna ya kukamua kitambaa cha kudekia. Kaka yangu anayeishi mbali alipiga simu kuuliza hali za wagonjwa.

Nikamwambia wagonjwa wanaendelea vizuri sana. Aje amwangalie muuguzi.